JINO LENYE UFA LISINGOJEWE MPAKA LIPASUKE



Mara nyingi katika kurasa hizi twasema juu ya mishahara, nyumba na saa za kazi, na ni haki yetu kusema. Safari hii twaomba nafasi tuseme juu ya jino. Wengine watacheka. Lakini tukihesabu siku ambazo wenzetu wa karakana, wa njia na wa stesheni hukosa kazi kwa sababu ya shavu lililovimba, na fedha zitokazo mifukoni mwetu kwa vidonge vya dukani, tutaona ya kuwa jambo hili lastahili kuzungumzwa katika mkutano kama jambo lingine lolote.

Hatusemi juu ya jino lililooza, maana hilo twafundishwa tangu shule ya msingi. Twasema juu ya jino lenye ufa. Hilo ni jino ambalo ukilitazama kwa kioo ni zima, halina tundu, nalo humchoma mwenyewe kila alumapo kipande cha nyama upande ule. Maoni yetu ni haya: jino la namna hiyo huweza kuokolewa likijulikana mapema. Na sisi tukaao Eastlands, kutoka Muthurwa na Makongeni mpaka Kaloleni, Mbotela na Jericho, twapoteza magego ambayo yangeokolewa. Twayapoteza kwa kuwa twangoja, na kwa kuwa kung'oa ni rahisi kulipiwa kuliko kutengeneza.

SISI WATU WA RELI TWAUJUA UFA

Hakuna mfanya kazi anayepaswa kuelewa jambo hili upesi kuliko mtu wa reli. Wazee waliotutangulia kazini walimjua yule mtu wa nyundo aliyepita kando ya treni stesheni, akigonga gurudumu moja moja na kusikiliza. Gurudumu zima hulia kama kengele. Lenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Kadhalika mafundi wa ekseli walikuwa na njia yao: chuma hupakwa mafuta mepesi, hupanguswa mpaka kikauke, kisha hupakwa chokaa nyeupe. Kama pana ufa, mafuta yaliyojificha ndani hutoka na kuchora mstari juu ya chokaa. Jicho halikuuona ufa, lakini mafuta yaliuona.

Kwa nini taabu yote hiyo kwa ufa usioonekana? Kwa sababu reli ilijifunza kwa damu. Tarehe 8 Mei 1842 ekseli ya injini ilivunjika katika treni iliyokuwa ikitoka Versailles kwenda Paris, na watu zaidi ya 50 wakafa, wengi kwa moto. Baada ya hapo wataalamu walianza kuuliza kwa nini chuma chenye nguvu huvunjika pasipo kubeba mzigo mkubwa kupita kiasi. Mjerumani mmoja wa reli, August Wöhler, alionyesha kwa majaribio ya miaka mingi ya kuwa mzigo mdogo ukirudiwa mara elfu nyingi huzaa ufa, na ufa hutembea polepole, hata siku moja chuma chote hukatika.

Jino nalo ni vivyo hivyo. Gego halipasuki siku moja kwa mfupa mmoja tu. Hutafuna maelfu ya mara kila siku, mwaka baada ya mwaka, na ufa hutembea. Tofauti moja iko, nayo ni kubwa. Mfupa wa mguu ukivunjika hujiunga wenyewe, kwa kuwa una uhai wa kujijenga. Gamba gumu la nje la jino halina uhai huo. Ufa ukisha kuingia hapo haufungiki wenyewe, hata ukingoja mwaka mzima.

NAMNA TANO ZA UFA

Madaktari wa meno hugawa nyufa katika namna tano, na yafaa tuzijue ili tusiogope lisilo la kuogopwa, wala tusidharau lililo baya.

Ya kwanza ni mistari midogo katika gamba la nje peke yake. Watu wazima wengi wanayo. Haiumi, wala haihitaji dawa.

Ya pili ni kuvunjika kwa nundu moja ya gego, mara nyingi kando ya mahali palipozibwa zamani. Hii hushtua, lakini mara nyingi haifiki kwenye kiini cha jino, na jino hutengenezwa vema.

Ya tatu ndiyo tunayoisema hasa. Ufa huanzia juu, mahali pa kutafunia, ukashuka kuelekea mzizi, na pande mbili za jino bado zimeshikana. Hapa siku ni mali. Ukikamatwa juu, jino hukaa. Ukishuka mbali chini ya ufizi, huenda lisikae.

Ya nne ni jino lililokwisha gawanyika vipande viwili vinavyotikisika kila kimoja kwa nafsi yake. Haliwezi kuokolewa likiwa zima, ingawa pengine daktari huweza kubakiza sehemu.

Ya tano ni ufa wa mzizi, uanziao chini na kupanda juu. Hutokea zaidi katika jino lililowahi kusafishwa mizizi. Dalili zake ni chache, na mara nyingi hugunduliwa ufizi unapovimba. Kwa kawaida jino hilo hung'olewa.

Ndugu, tazameni namna ya tatu na ya nne. Katikati yake pana nini? Mara nyingi pana miezi ya kungoja tu. Methali yasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa jino ni vibaya zaidi, maana ukuta wa jino haujengwi tena.

DALILI NA NAMNA YA KUUTAFUTA UFA

Dalili ya kwanza ni maumivu makali kama ya sindano wakati wa kuuma, na hasa wakati wa kuachia. Hilo la kuachia lishikeni sana, kwa sababu huwasaidia madaktari kutenganisha ufa na magonjwa mengine. Unapouma, ufa hufunguka kidogo. Unapoachia, hujifunga, na maji yaliyomo katika vijitundu vidogo sana vya ndani ya jino husukumwa kwa ghafula na kuushtua mshipa wa fahamu. Dalili ya pili ni kushtuka kwa maji baridi. Ya tatu ni kwamba maumivu huja na kuondoka, wala mtu hawezi kusema kwa hakika ni jino gani.

Hili la mwisho limewaletea wengi hasara. Mwenzetu mmoja, fundi wa mabehewa, aliumwa upande wa kulia kwa wiki nyingi. Alikwenda kwenye chumba kimoja cha meno mtaani, akaonyesha taya la juu kwa kidole, na jino la juu likang'olewa siku ile ile. Baada ya ganzi kuisha maumivu yalikuwa pale pale. Ufa ulikuwa katika gego la chini. Akapoteza la juu ambalo halikuwa na kosa, na mwishowe akapoteza la chini pia, kwa kuwa muda ulikuwa umepita. Hakuna aliyekuwa amempima kuuma wala kumulika. Walikifuata kidole chake tu.

Basi mfanya kazi ajue anavyopaswa kupimwa, ili aweze kuuliza. Daktari mwenye kujua kazi yake humwuliza mgonjwa habari kwanza: waumwa lini, wauma nini, wasaga meno usiku? Kisha humpa kijiti kidogo cha kupimia akiume kwa nundu moja moja ya kila gego, si kwa jino lote kwa mara moja. Nundu inayochoma wakati wa kuachia ndiyo yenye habari. Humulika jino kwa taa kali kutoka ubavuni: mwanga husimama penye ufa, na upande wa pili hubaki giza. Hupaka rangi ya buluu, ikaingia katika ufa na kuuonyesha, kama yale mafuta na chokaa ya karakana. Hugonga jino polepole, kama mtu wa nyundo, ili ajue kama nyama zinazolishika zimeumia. Hutia kijiti chembamba cha kupimia kati ya jino na ufizi: kikizama sana mahali pamoja pembamba, ni alama mbaya ya kuwa ufa umeshuka mzizini. Hujaribu baridi ili ajue kama kiini kiko hai au kimekufa. Na pengine hana budi kuondoa kizibo cha zamani ili atazame chini yake.

Na eksirei je? Wengi wetu huamini ya kuwa picha ikiwa safi, basi jino ni zima. Sivyo. Ufa wa magego kwa kawaida huenda kutoka mbele kwenda nyuma, nayo miali ya eksirei hupita kutoka shavuni kwenda ulimini, hata hukutana na ufa kwa ubapa wake, ikakosa kuuonyesha. Picha yafaa kwa kuona mfupa, usaha na uozo, na ipigwe. Lakini picha safi haimaanishi ya kuwa mgonjwa anasema uongo. Wala tusishangae kwamba jambo hili lilichelewa kujulikana. Jina la ugonjwa huu liliingia katika vitabu vya madaktari mwaka 1964, alipoandika juu yake daktari Cameron wa Marekani. Kabla ya hapo watu wengi waliambiwa hawana kitu.

KULITENGENEZA

Matengenezo hufuata kina cha ufa. Kwanza daktari huweza kupunguza kidogo urefu wa nundu iliyoumia ili isipokee mzigo, na kulifunga jino kwa mkanda wa chuma. Sisi twajua jambo hili. Reli ikionekana ina ufa hufungwa vyuma viwili ubavuni kwa bolti, na treni huamriwa kupita polepole, mpaka reli mpya iletwe. Mkanda wa jino ni kazi hiyo hiyo: huzuia pande mbili zisiachane, nao humwonyesha daktari kama maumivu yatatulia.

Yakitulia, jino huvikwa kofia, yaani kifuniko cha chuma au cha kauri kinachoshika nundu zote kwa pamoja. Kama kiini kimeumia kiasi cha kutopona, au kimekufa, husafishwa mizizi kwanza, kisha hutiwa kofia. Uchunguzi mmoja wa Marekani uliotolewa mwaka 2007 ulitazama meno 127 yenye ufa ambayo viini vyake vilikuwa bado na tumaini la kupona. Yalipovikwa kofia, 27 tu ndiyo yaliyohitaji kusafishwa mizizi katika miezi sita. Hesabuni wenyewe: meno 100 hayakuhitaji hata hilo. Hakuna ahadi ya milele, wala daktari mwaminifu hatakupa ahadi hiyo. Lakini jino lililokamatwa mapema lina bahati njema.

Na vidonge? Dawa ya maumivu hutuliza, nayo yafaa kwa usiku mmoja wa taabu. Mafuta ya karafuu hutia ganzi kwa muda mfupi. Dawa za kuua vijidudu hazifungi ufa hata kidogo, na kuzinunua ovyo kibandani ni kutupa fedha. Kuweka aspirini juu ya ufizi huunguza ufizi. Lakini mtu akivimba uso, akapata homa, akashindwa kufungua kinywa, kumeza au kupumua vema, asingoje asubuhi wala zamu kwisha. Aende hospitali saa ile ile, kwa maana usaha wa jino umewahi kuua watu.

UFA HUTOKA WAPI

Sababu nyingine zimo mikononi mwetu. Twafungua soda kwa meno. Twamenya miwa kwa meno. Twauma mahindi makavu na barafu, na kijiwe kilichobaki katika maharagwe au wali hutukuta tukiwa na haraka. Kazini ni vibaya zaidi: wenzetu wa umeme na wa ishara humenya waya kwa meno kwa kukosa koleo, na wengine hushika misumari midomoni. Gego lenye kizibo kikubwa cha zamani limepungua kuta zake, na huvunjika upesi. Wenzetu waliokulia Bonde la Ufa, ambako maji ya visima vingi yana floridi nyingi, hupata meno ya rangi ya chai. Rangi hiyo si ufa, lakini ikizidi sana gamba huwa na vinyweleo na humeguka kwa urahisi.

Iko sababu nyingine isiyotajwa sana, nayo ni kusaga meno usingizini. Mtu mwenyewe hajui; mke wake ndiye anayesikia. Asubuhi taya limechoka na kichwa kinauma. Kwa mtu kama huyo daktari huweza kutengeneza kinga ya plastiki ya kuvaa usiku. Ni kitu kidogo, na kofia ya jino isiyolindwa kwa kinga hiyo huenda ikavunjwa kama jino lilivyovunjwa.

TWATAKA NINI

Sasa tuje kwenye neno letu kwa Chama. Tangu Oktoba 2024 kila mmoja wetu hukatwa 2.75 kwa mia ya mshahara wake wote kwa ajili ya bima ya afya ya jamii. Wengine wana mipango mingine ya matibabu kwa mwajiri. Twaomba wajumbe waisome mipango hiyo mstari kwa mstari, na kutuambia kwa Kiswahili chepesi: jino lenye ufa likihitaji kofia, nani alipa? Likihitaji kusafishwa mizizi, nani alipa? Mtu asipojua hayo, huchagua kung'oa kwa sababu ya hofu ya bei. Ni kweli kung'oa ni bei ndogo siku ile. Lakini pengo lina bei yake: meno ya jirani huinama, la juu hushuka, kutafuna huhamia upande mmoja, na upande huo nao hupata mzigo wa pande mbili. Jino la kubandika, la namna yo yote, halina nguvu ya lile la kuzaliwa nalo. Wazee walisema jino la pembe si dawa ya pengo.

La pili, twataka ruhusa ya kwenda kwa daktari wa meno isihesabiwe uvivu. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 30, humpa mfanya kazi aliyekwisha kufanya kazi miezi miwili mfululizo siku zisizopungua saba za ugonjwa kwa mshahara kamili, na baadaye siku saba kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12, akileta cheti cha daktari. Hiyo ni haki ya mtu aliyekwisha lala. Twaomba katika makubaliano ya pamoja iongezwe nusu siku ya uchunguzi wa meno, mara moja kwa mwaka, kwa mtu angali mzima. Injini haingoji kuharibika njiani ndipo ikaguliwe.

La tatu, koleo la kumenyea waya litolewe kwa kila anayelihitaji. Na mtu akivunjika jino kwa ajali ya kazi, amwambie msimamizi siku ile ile, na habari iandikwe, kwa kuwa Sheria ya Fidia ya Majeraha ya Kazi ya 2007 haikusema ya kuwa kinywa si sehemu ya mwili. Kipande kikimeguka, kihifadhiwe katika maziwa na kipelekwe pamoja naye, maana pengine hugandishwa tena.

La nne latuhusu wenyewe. Tusimwendee kila mtu mwenye kiti na koleo. Daktari wa meno wa kweli ameandikishwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, na si matusi kumwuliza. Chuo Kikuu cha Nairobi chafundisha madaktari wa meno tangu 1974, na katika hospitali yake ya meno wanafunzi hutibu watu chini ya macho ya walimu wao. Hatuko jangwani.

Twajua jibu la wengine: kwanza mshahara, meno baadaye. Twawajibu kwa heshima. Mshahara twauomba ili tule, na chakula hupita kinywani. Mtu wa miaka 35 aliyepoteza magego mawili ana miaka mingi ya kutafuna mbele yake, na nyongeza ya mshahara haitamrudishia hata moja. Tena madai haya hayashindani. Mkataba mmoja huweza kubeba yote mawili, kama treni moja ibebavyo abiria na barua.

Katika Mithali, sura ya 25, mtu asiye mwaminifu siku ya taabu alifananishwa na jino lililovunjika. Aliyeandika hayo bila shaka aliwahi kuuma mkate kwa jino bovu. Alijua maana ya kuegemea kitu kinachoonekana kizima, kikakuangusha wakati wa haja. Chama kisiwe jino la namna hiyo kwa wanachama wake. Jambo hili liwekwe katika ajenda ya mkutano ujao wa tawi, na kila anayechomwa akiachia tonge asingoje mkutano: aende apimwe wiki hii.

Sisi wenzenu wa kazi,
Makongeni, Nairobi.